Mgonjwa wa Kituo cha Tano

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mwanafunzi aliyevaa sare ya chuo kile cha uuguzi kabla ya kupimwa mabega na fundi mmoja mwembamba, mwenye futi ya kitambaa shingoni na maneno mengi kuliko uzi. Duka lake lilitazamana na geti la nyuma la chuo: chumba kimoja, cherehani mbili, kioo kirefu na benchi la kungojea. Habari za chuo zilipita pale kabla hazijafika kwenye ubao wa matangazo. Fundi alijua nani amekonda kwa mawazo ya mtihani na nani amenenepa likizo, nani amepata mchumba wodi ya wanaume na nani anataka kuacha masomo. Huyo wa kuacha masomo alimshonea haraka kuliko wote. "Ukishaivaa hutaivua," alimwambia, na mara nyingi ikawa hivyo.

Siku hizo chuo kilikuwa jengo moja la matofali nyuma ya hospitali, na wanafunzi thelathini kwa mwaka. Halafu kikaanza kukua. Chuo kikuu kilikichukua kikawa chake, kikakipa jina refu, Chuo cha Uuguzi na Sayansi za Afya, na baada ya jina yakafuata mengine: shahada ya uuguzi, kisha mafunzo ya maabara, kisha tiba ya viungo. Palipokuwa na uwanja wa mpira wa wavu pakasimama jengo la ghorofa nne lenye vioo na lifti. Wanafunzi thelathini wakawa mia na themanini. Fundi alishangilia kila tofali lililopanda, mpaka siku aliyoambiwa kwamba sare sasa zitatoka kiwandani.

Aliyemletea habari hiyo ni mwalimu wa masomo ya vitendo, mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Madamu. Angeweza kutuma barua. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la kungojea.

"Fundi, sare yangu ya kwanza ulinishonea wewe," alisema.

"Nakumbuka. Bega lako la kushoto lilikuwa juu."

"Bado liko juu." Akacheka, kisha akaacha. "Mia na themanini kwa wiki tatu, Fundi. Wewe na cherehani mbili hamtaweza."

Fundi alitaka kusema ataweza. Akahesabu kichwani mikono, mifuko na vifungo, akaona kweli hawezi. "Basi mmekua," alisema, na mwezi uliofuata akafunga duka.

Nyumbani alikosa pa kuiweka mikono yake. Alikaza bawaba za milango ambazo hazikuwa zimelegea. Alimfuata mkewe jikoni, akifunua sufuria na kuzifunika, akichungulia na kuuliza maswali. Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto sitini kwa jicho moja.

"Baba Watoto," alimwambia siku moja, "ukifunua hiyo sufuria tena nitakufunika wewe."

Walikuwa kwenye mzozo huo huo, asubuhi ya siku nyingine, Madamu alipobisha hodi. Alikaribishwa, akapewa chai, akaanza kueleza shida yake. Chuo kimekua, lakini hospitali ni ile ile. Wanafunzi kumi na wawili wanazunguka kitanda kimoja, mgonjwa hapati hata nafasi ya kupiga chafya. Chuo kimenunua sanamu za mpira za kufanyia mazoezi, sanamu nzuri, zinapumua na macho yanafumba. Lakini sanamu haina aibu, haina kiburi, haidanganyi muuguzi.

"Na wagonjwa wanadanganya?" aliuliza Fundi.

"Kila siku. Ndiyo maana nataka watu. Watu wazima watakaojifunza ugonjwa kutoka kwenye kadi, waigize, na wanafunzi wawahudumie kama wagonjwa kweli. Nikafikiria ni nani ninayemjua anayependa kuongea na vijana wetu."

Fundi aliweka kikombe chini. "Unataka niwe mgonjwa?"

Mkewe aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Huyu? Huyu akipata mafua tu tunaandika wosia! Madamu, umempata mwenyewe."

Basi Fundi akaanza kazi ya kuumwa. Kadi yake ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye kikohozi cha miezi miwili anayeficha kwamba anavuta sigara. Wengine waliopewa kadi walizisoma mara moja wakalala kitandani. Fundi alimjia Madamu na maswali: huyu mtu ana watoto wangapi? Analalia upande gani? Mkewe anajua kuhusu hizo sigara? Alikohoa kwa namna ambayo wapita njia walisimama. Kufikia mwisho wa wiki wanafunzi walikuwa wamembandika jina, Mzee Kifua, na jina likamganda hata alipohamia kwenye magonjwa ya mgongo, macho na kisukari.

Sharti la kazi lilikuwa moja: kengele isipolia, mgonjwa hatoki kwenye ugonjwa wake. Fundi alilishika kama kiapo. Kengele ikishalia aliketi, akavaa miwani, akamwambia mwanafunzi kilichomgusa na kilichomuudhi. "Sindano umechoma vizuri, lakini hukunisalimia. Umeingia kama askari wa doria." Katika miaka miwili wanafunzi wa chuo kile walijulikana hospitali nzima kwa salamu zao, na wauguzi wazee wodini walikuwa wakiuliza kwa mzaha ni nani aliyewatia adabu.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo msichana mmoja wa mwaka wa pili ambaye wenzake walimwita Taratibu. Hakuwa mzito wa akili, ila mkono wake haukujua haraka. Alinawa vidole kimoja kimoja, akarudia. Alifunga bendeji, akaitazama, akaifungua na kuifunga upya kwa sababu mkunjo mmoja umelala vibaya. Kila zoezi kengele ilimkuta katikati.

"Unafanya vizuri," Madamu alimwambia zaidi ya mara moja, "lakini mtihani una saa, mwanangu. Nani atakupa maksi za kitu ambacho hujakifikia?"

Taratibu alijibu "Ndiyo, Madamu," kwa sauti ndogo, na zoezi lililofuata likawa vile vile. Fundi alimpenda. Msichana yule alishika mkono wa mtu kama anayeshika kitambaa cha bei ambacho dukani hakuna kingine kama hicho.

Ukafika mtihani wa vituo. Mwaka huo ulikuwa na uzito wake, kwa sababu chuo kilikuwa kimeomba kibali cha kuanzisha shahada ya ukunga, na Baraza la Wauguzi lilimtuma mkaguzi aje aone wanafunzi wanavyopimwa. Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye koti la kijivu na jalada kubwa, asiyecheka ovyo. Vituo vilikuwa kumi, kila kimoja dakika nane, katika vyumba vilivyopangwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu. Kengele ikilia, kila mwanafunzi anahama chumba.

Fundi alikuwa kituo cha tano. Kadi yake ilisema: mwanamume wa miaka sitini, tumbo linamuuma siku ya tatu, anaficha kwamba anameza vidonge vya maumivu bila kula. Mwanafunzi alitakiwa kumsalimia, kumhoji, kumpima joto, mapigo ya moyo na presha, kisha kumweleza atakachofanya. Madamu mwenyewe ndiye aliyesimamia kituo hicho, ameketi mita mbili kutoka kitandani na fomu zake za maksi. Mkaguzi alipita vyumba vyote, mwisho akavuta kiti akatulia hapo, labda kwa sababu mgonjwa wa hapo alikuwa anaguna vizuri kuliko wengine.

Asubuhi hiyo lifti ilikuwa imejaa wageni, na Fundi alipanda kwa ngazi. Alifika juu anahema, akasimama dirishani akijifanya anatazama miti. Kifuani mwake kulikuwa na kitu kinachopapatika, kikisimama, kikipapatika tena. Halikuwa jambo geni. Lilikuwa limeanza miezi minne nyuma, likimjia na kuondoka, na kila likimjia alisema moyoni mwake kwamba ni uzee. Hakumwambia mkewe, wala Madamu.

Wanafunzi wakaanza kupita. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila mmoja alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa kwa sekunde kumi na tano, akazidisha mara nne, akaandika, akaendelea na mengine. Hata Madamu alikuwa amewafundisha kwamba muda ukiwa mfinyu hilo linakubalika. Fundi aliguna, akalalamika, akaficha vidonge vyake, na wawili watatu walipomkamata uongo wake alifurahi kimoyomoyo. Wanafunzi kumi na mmoja walipita.

Wa kumi na mbili alikuwa Taratibu.

Alisalimia, akajitaja, akavuta kigoda akakaa ili macho yao yawe sawa. Alihoji kwa mpangilio. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye mkono wa Fundi, akainamia saa iliyobandikwa kifuani pake. Sekunde kumi na tano zikapita, naye hakuinua kichwa. Thelathini zikapita. Madamu alitazama saa ya ukutani, akapumua kwa pua. Dakika nzima ilipokwisha Taratibu aliinua uso, na uso wenyewe ulikuwa umebadilika.

"Mzee, naomba nirudie."

"Rudia tu, mwanangu. Lakini mimi nimekuja na tumbo."

Akarudia, dakika nyingine nzima. Zilibaki mbili na ushee.

"Mzee," aliuliza polepole, "kwenye kadi yako imeandikwa kwamba mapigo yako yanaruka?"

"Kadi gani? Mimi tumbo linaniuma!"

Taratibu akainama karibu zaidi. "Sikuulizi wewe wa tumbo. Nakuuliza wewe Fundi. Huwa unachoka ukipanda ngazi? Kuna kitu kinacheza hapa kifuani?"

Fundi alifungua mdomo. Miaka miwili hakuwahi kutoka kwenye ugonjwa wake kabla ya kengele, tena leo kuna mgeni wa Baraza. "Tumbo linaniuma," alisema, lakini sauti ilimsaliti, ikatoka kama ya mtoto aliyekutwa na kosa.

Taratibu alisimama. "Madamu, naomba mtihani usimame."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutamka maneno hayo. Mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye jalada.

"Una dakika mbili," alisema Madamu. "Hujapima joto, hujapima presha. Endelea."

"Siwezi kuendelea. Huyu mzee anaumwa kweli."

"Kazi yake ndiyo hiyo, aonekane anaumwa kweli."

"Uso anaweza kuuigiza, Madamu. Mapigo hawezi."

Msichana hakukaa wala hakuchukua kipimajoto, na dakika zilizobaki zikayoyoma. Kengele ikalia wakiwa hivyo hivyo. Mwanafunzi wa kumi na tatu alikuwa tayari amesimama mlangoni na kalamu yake. Madamu alimwashiria angoje, akaja kitandani, akashika mkono wa Fundi. Alihesabu sekunde kumi na tano, akaendelea. Alihesabu mpaka mshale mwembamba ukazunguka ukafika ulipoanzia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Fundi!"

Fundi alitazama dari. "Miezi minne."

"Na hukusema?"

"Ningesema mngenistaafisha mara ya pili."

Madamu aliagiza kiti cha magurudumu, akampigia simu daktari wa moyo wa hospitali jirani, na Fundi akawekwa kitini huku akibisha kwamba miguu yake ni mizima.

"Naomba nimsindikize," alisema Taratibu.

"Umebakiwa na vituo vitano. Nenda cha sita." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Nenda, mwanangu. Mimi niko naye." Taratibu akaenda, akipangusa macho kwa mgongo wa mkono, halafu akakumbuka akanawa upya.

Ikabaki shida ya kitanda kitupu na wanafunzi wengi ambao hawajapita. Madamu alikuwa anakuna kichwa pale mlangoni, amegawanyika kati ya mgonjwa na mtihani, mkaguzi alipofunga jalada lake, akavua koti la kijivu, akalitundika nyuma ya kiti.

"Nipe hiyo kadi," alisema. "Mwite mwalimu mwingine ajaze fomu, wewe nenda na mgonjwa wako."

Akavua viatu akapanda kitandani. Wanafunzi waliosalia walisimulia kwa muda mrefu jinsi walivyomhudumia mwanamume wa miaka sitini mwenye hereni, aliyenung'unika kuliko Mzee Kifua mwenyewe, na aliyemwambia mmoja wao kwamba mikono yake ni ya baridi kama ya muuza samaki.

Hospitali walimlaza Fundi kando ya mashine, wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na michirizi isiyokuwa na mpangilio. Daktari, kijana mpole mwenye kipara cha mapema, alimweleza kwa lugha nyepesi. Chumba cha juu cha moyo hakipigi, kinatetemeka tu. Damu inaweza kutulia humo ikaganda, donge likapanda kichwani, mtu akaamka asubuhi mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. "Hujafika huko," alisema daktari. "Umekuja mapema. Kuna dawa ya kutuliza mapigo na dawa ya kuzuia damu isigande. Ukizimeza kila siku, una miaka yako mbele."

Mkewe alifika amevaa viatu visivyofanana, kimoja cha kahawia na kingine cheusi, na ndivyo Fundi alivyojua amemtisha kiasi gani. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Miezi minne," alisema. "Unajua kuigiza maradhi ya dunia nzima, ya kwako ukayatia mfukoni."

"Nilidhani ni uzee."

"Uzee tunao wote wawili, mbona wangu hauruki?" Akamvutia shuka mpaka kidevuni, akalikunja vizuri, akaacha mkono wake hapo kifuani. Ulikaa hapo mpaka muuguzi alipokuja kupima presha.

Jioni ya kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Taratibu alikuja. Alisimama miguuni mwa kitanda, kadi ya wodi mkononi, akaisoma yote kabla ya kusalimia. Fundi akamkumbusha salamu. Wakacheka.

"Matokeo yametoka?" aliuliza Fundi.

"Yametoka. Vituo tisa nimepita. Chako nimefeli."

Fundi aliketi ghafla hata nyaya zikavutika. "Umefeli? Kwa kuniokoa? Nipe viatu vyangu! Nakwenda kwa mkuu wa chuo sasa hivi, na gauni hili hili la hospitali, kama mgongo uko wazi na uwe wazi!"

"Mzee, lala." Taratibu alikuwa anatabasamu, jambo la nadra. "Sikupima joto. Sikupima presha. Sikukueleza chochote. Fomu haidanganyi. Walimu wengine walitaka nipitishwe tu, Madamu akasema maksi si zawadi, na mimi nimekubaliana naye. Kwanza nilijua dakika zinakwisha. Nilichagua mwenyewe. Nitarudia baada ya wiki sita."

Fundi akajilaza tena. Akamuuliza kwa nini alihesabu dakika nzima wakati wenzake wote wanahesabu robo.

Taratibu alifikiri. "Robo ya kwanza ilikuwa sawa tu, mzee. Ya pili haikufanana nayo. Nikataka kujua ya tatu."

Alichofanya Madamu baada ya hapo hakikusemwa kwenye tangazo lolote, ila wanafunzi waliokuwapo hawakukisahau. Aliwakusanya wa mwaka wa pili wote kwenye ukumbi, akaandika ubaoni namba kumi na moja: sabini na sita, mia na nne, tisini na mbili, themanini, na nyingine. Akawauliza ni za wagonjwa wangapi. Wakasema kumi na mmoja.

"Ni za mtu mmoja," alisema, "asubuhi moja, kitanda kimoja. Hii themanini hapa, mwenye nayo anajua kama mimi ninavyojua kwamba hakuhesabu kabisa. Aliona themanini ni namba nzuri." Mtu mmoja nyuma akainamisha kichwa. "Lakini msitazamane ninyi kwa ninyi. Mimi niliketi mita mbili kutoka kwa huyo mzee tangu saa mbili asubuhi. Fomu zote hizi zilipita mkononi mwangu, na sikuona. Nilikuwa natazama saa."

Baada ya hapo mambo mawili yalibadilika. Kila kituo kiliongezwa dakika mbili, na kila mgonjwa wa kuigiza akaanza kupimwa afya yake kabla ya muhula kufunguliwa. Mkaguzi aliyataja yote mawili kwenye ripoti yake, pamoja na sentensi moja kuhusu mwanafunzi aliyesimamisha mtihani. Wengi chuoni walidhani kisa kile kitawanyima kibali. Kibali kilikuja kabla ya miezi miwili kwisha: shahada ya ukunga, wanafunzi sitini kwa kuanzia. Mkuu wa chuo alikisoma kwa kipaza sauti kwenye ngazi za jengo jipya, na wanafunzi wakapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa hospitali ya jirani wakachungulia madirishani.

Jarida la chuo liliandika habari hiyo ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa tatu kulikuwa na picha ya Fundi, amelala kitandani kwenye chumba cha mazoezi, kidole gumba juu. Alinunua shati jipya kwa ajili ya picha hiyo, na mpiga picha akamfunika blanketi.

Taratibu alirudia kituo chake siku aliyopangiwa. Daktari alikuwa amemruhusu Fundi kurudi kazini, kwa masharti ya lifti na dawa, na Fundi akaomba mgonjwa awe yeye. Madamu alisita.

"Utampendelea."

"Mimi? Nitamtoa jasho."

Akamtoa kweli. Alipewa kadi ya mzee mwenye kidonda cha mguu, mkali, aliyechoshwa na hospitali. Taratibu alipoingia tu alimwambia hataki kuguswa na mtoto. Alimwita muuguzi wa majaribio. Alivuta mguu, akageukia ukutani, akadai aletewe mtu mzima. Madamu, kwenye kiti chake, alianza kumwonea huruma msichana.

Taratibu hakuharakisha, lakini safari hii hakurudia kitu. Alivuta kigoda, akakaa upande ule ule wa ukutani alikogeukia mzee, akamuuliza ni nani aliyemfunga kidonda mara ya mwisho na kama alimuumiza. Mzee akaacha kufoka. Akasema aliumizwa sana. "Basi leo ukisema simama, nasimama," alisema Taratibu. "Wewe ndiye utakayeniongoza." Mguu ukanyooshwa. Akapima joto, presha, mapigo. Akaosha kidonda cha rangi na nta, akakifunga, akaeleza dalili ambazo mzee akiziona arudi hospitali haraka. Alimaliza zikiwa zimebaki sekunde arobaini, akawa hajui azifanyie nini, akamuuliza mzee kama anataka maji.

Kengele ilipolia Fundi aliketi, akavaa miwani, akajaribu kutafuta kosa. "Bendeji," alisema mwishowe, "umeifunga vizuri mno. Mtu ataogopa kuifungua." Madamu aliandika maksi zake bila kuinua uso, kwa sababu alikuwa anazuia kicheko.

Muhula uliofuata wanafunzi sitini wa ukunga waliripoti, na chuo kikahitaji wanawake watu wazima wa kuigiza. Walijitokeza kumi na watano, na aliyekuwa mbele ya mstari ni mke wa Fundi. Alimwambia mumewe habari hiyo asubuhi ile ile, akiwa ameshavaa.

"Wewe? Utaigiza nani?"

"Mama mkwe anayekataa kutoka chumba cha kujifungulia."

Fundi alisema hilo halihitaji kuigiza, akajuta.

Siku ya kwanza alisimama nje ya chumba, kwenye kioo kisichowaonyesha waliomo ndani yaliyo nje, akatazama. Binti wa kuigiza alikuwa kitandani na tumbo la sifongo. Mwanafunzi, kijana mrefu mwenye miwani, alimwomba mama mkwe kwa heshima atoke kidogo. Mama mkwe alikalia kiti, akaweka mkoba mapajani, akamtolea lile jicho la watoto sitini. Kijana alirudi hatua moja. Akajaribu maelezo. Akajaribu kubembeleza. Mwishowe alichuchumaa mbele yake akamwomba amsaidie: amshike mkwewe mkono, ampanguse jasho, na akiambiwa asogee, asogee. Mkoba ukawekwa chini, na kiti kikasogezwa karibu na kitanda.

Waliporudi nyumbani mchana, mkewe, yule mwalimu mstaafu, hakunyamaza njia nzima. Yule kijana ana moyo, alisema, lakini kucha zake ndefu, nitamwambia kesho. Na kile kiti ni kifupi, mama mkwe gani anakaa chini vile? Na kwa nini kadi haisemi huyo mtoto ni mjukuu wa ngapi?

Fundi alitembea kando yake, hatua kwa hatua, kama daktari alivyomwagiza, akimsikiliza.

"Wa ngapi wewe unataka awe?" aliuliza.

"Wa kwanza," alisema mkewe bila kufikiri. "Wa kwanza ndiye anayemtia mtu wazimu."